Mdogo wangu amejitoa kundini kwa sababu ya filamu ya katuni

Shangazi, shikamoo.

Niwie radhi barua ikiwa ndefu, na pia kama mwanzoni utaona nakuletea mambo ya kitoto. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Mimi ni msichana wa miaka 29, naishi Tanga, nauza katika duka la dawa. Mama yetu alifariki nikiwa sekondari, na mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ana miaka 22, kwa sehemu kubwa nimemlea mimi. Baba yupo. Ni mtu mpole, hapendi ugomvi, na hajawahi kutunyima kitu alichokuwa nacho.

Mimi na mdogo wangu tunapenda sana filamu za katuni za mapigano, hasa zile zilizotokana na vitabu vya katuni. Tulianza udogoni kwenye kibanda umiza cha Ngamiani, tukikaa kwenye mabenchi na watu wazima. Sasa tuna kundi letu la vijana. Jumamosi moja kila mwezi tunakusanyika sebuleni kwa rafiki yetu Chumbageni, anawasha projekta, tunatazama, halafu tunajadili mpaka usiku. Katikati ya mwezi tunaendelea kwenye grupu la WhatsApp. Tangu mama aondoke, sijawahi kucheka mahali popote kama ninavyocheka pale.

Mwezi uliopita zamu ya kuchagua ilikuwa ya kijana tunayemwita Mzee wa Kurasa, kwa sababu ni yeye pekee kati yetu mwenye vitabu vyenyewe vya karatasi. Akachagua Batman: Under the Red Hood, ya mwaka 2010. Kwa kifupi, Shangazi, Batman, shujaa anayepambana na wahalifu lakini haui, alikuwa na kijana aliyemchukua na kumlea, Jason Todd, akifanya naye kazi kwa jina la Robin. Adui mkubwa wa Batman, Joker, anamkamata huyo kijana, anampiga kwa mtaimbo, kisha anamlipua kwa bomu. Filamu inaanzia hapo hapo, hata hujakaa vizuri. Miaka inapita, anatokea mtu mwenye helmeti nyekundu inayoficha uso, anawatiisha wauza dawa za kulevya wa mji mzima kwa kuwaua. Kumbe ni Jason, amefufuka. Na hasira yake kubwa haiko kwa Joker. Iko kwa Batman. Anataka kujua kwa nini Joker bado anapumua.

Mjadala ulianza vizuri. Wapo waliosema filamu imekipita kitabu, maana kitabuni Jason alirudi duniani kwa sababu ya ngumi ya mhusika mwingine iliyotikisa ukuta wa ulimwengu, jambo ambalo hata wapenzi wa vitabu hivyo wanashindwa kulimeza. Kwenye filamu ni Ra's al Ghul, adui mwingine wa Batman, aliyemkodi Joker, kijana akafa, yeye akajuta na kumzamisha kwenye dimbwi lake la kufufulia wafu. Wengine wakabishania kwa nini kifo kilichotokea Ethiopia kwenye kitabu kilihamishiwa Bosnia. Tulikuwa tunafurahi.

Ndipo mdogo wangu akasema. Yeye huwa mkimya, na akisema husema mambo ya uchoraji tu, mstari huu na kivuli kile. Siku hiyo sauti ilimpanda. Alisema Batman ni mbaya kuliko Joker, kwa sababu Joker alijulikana tangu zamani kuwa ni mwovu, lakini Batman alijiita baba. Mzee wa Kurasa akamjibu kwamba anamtetea muuaji kwa kuwa tu amevaa vizuri. Akatusimulia kwamba mwaka 1988 wenye vitabu waliweka namba za simu ili wasomaji waamue Jason afe au apone, na wasomaji wakachagua afe, kwa sababu walikuwa wameshamchoka. Akacheka, akasema, “Mtoto mwenyewe mwizi wa matairi, mlitegemea nini?” Maana ni kweli, Batman alimwokota Jason akiiba matairi ya gari lake.

Watu wakacheka. Mdogo wangu akasimama. Akasema, “Kwenye kitabu mwishoni Batman anamrushia Jason kisu kinamkata shingo. Kwenye filamu bastola inamlipukia mkononi. Kila toleo anayeumia ni yuleyule.” Akatoka. Alipofika nyumbani alikuwa ameshajitoa kwenye grupu, na mpaka leo hapokei simu ya yeyote kati yao.

Sasa nikueleze wasilolijua wenzetu. Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu alikuwa akisaidia dukani kwa baba mkubwa. Zikapotea pesa za mauzo. Kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, akamfungia stoo na kumpiga kwa nondo ili aseme alikozificha. Alimvunja mkono wa kulia sehemu mbili. Baadaye ikajulikana aliyechukua ni mwingine kabisa. Kikafanyika kikao cha ukoo. Baba mkubwa akalipa hospitali na fidia kidogo, kaka akaomba radhi mbele ya wazee, wakapeana mikono. Mdogo wangu alikuwa amekaa karibu na mlango, mkono shingoni. Mimi nilikuwa jikoni napika pilau ya suluhu. Baba alisema neno moja tu, kwamba wote wawili ni wanawe na hana wa kumtoa.

Na ni kweli baba mkubwa ndiye aliyegharamia matibabu ya mama mpaka siku ya mwisho. Baba hawezi kulisahau hilo.

Mkono ulipona, lakini haunyooki, na vidole vinatetemeka akishika kalamu nyembamba. Kabla ya hapo alikuwa akichora kitabu chake mwenyewe cha katuni. Siku hizi anaandika mabango ya maduka na kupaka rangi bajaji.

Yule kaka anaoa mwezi ujao. Baba anataka mdogo wangu awemo kwenye msafara wa bwana harusi, akae naye upande mmoja, ili watu waone kuwa yamekwisha. Mdogo wangu hajajibu ndiyo wala hapana. Baba amesikia habari za ile Jumamosi, na sasa anasema ni hizo katuni za kuuana zinazomharibu kijana, anataka niifiche kompyuta. Na Mzee wa Kurasa, bila kujua lolote, ametangaza kuwa safari ijayo tutatazama ile nyingine fupi ya mwaka 2020, Batman: Death in the Family, ambayo mtazamaji mwenyewe huchagua Jason afe, aponee chupuchupu au aokolewe, na anataka tupige kura kama ya 1988.

Mdogo wangu amenikataza kumweleza mtu yeyote habari za mkono wake. Je, niwaeleze wenzetu ili waelewe, hata kama amenikataza? Nimkabili baba? Nimlazimishe arudi kundini, maana hana marafiki wengine? Au baba ana haki, na filamu hizi zimeanza kumtia mawazo mabaya?

Dada mtu, Tanga

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mpaka mwisho, na hakuna chochote cha kitoto ndani yake. Nimeitazama na hiyo filamu pia kabla ya kushika kalamu, kwa sababu nisingeweza kuelewa kilichomtoa mdogo wako pale sebuleni bila kuona alichokuwa anakitazama.

Kama nimekuelewa, una watu watatu wanaokuvuta. Kijana aliyejifungia, baba anayetaka yaliyopita yaonekane yamepita, na rafiki mcheshi aliyegusa kidonda asichojua kama kipo. Wewe umesimama katikati ukiwa na siri ya mmoja, deni la heshima kwa mwingine, na mapenzi kwa kundi lililokupa raha baada ya msiba. Na harusi inakaribia.

Niruhusu nianze na swali lako la mwisho, la kama baba ana haki kuhusu filamu, kwa sababu nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi.

Ni filamu kali. Kuna mahali Jason anawatupia wakubwa wa dawa za kulevya mfuko wenye vichwa vya watu wao wanane. Mzazi anayeona kijana wake akimtetea mtu wa namna hiyo ana sababu ya kushtuka, na sitaki umdharau baba kwa hilo. Lakini jiulize mdogo wako alitetea nini hasa. Kwa maelezo yako, hakusifu vile vichwa wala zile bastola. Alimzungumzia baba.

Ukitazama ile sehemu ya mwisho, Batman, Jason na Joker wakiwa chumba kimoja, sikiliza Jason anachokidai. Hamwambii Batman awaue wahalifu wote. Anawataja maadui wengine wa zamani mmoja mmoja na kusema kwamba hao hawahusu. Anamtaka mmoja tu, na sababu anayoitoa ni kwamba huyo alimtoa mikononi mwa Batman. Anachouliza, mwanangu, ni kama yeye alikuwa na uzito wowote. Yeye ndiye aliyelala chini akipigwa, na aliporudi akakuta dunia inaendelea, aliyempiga anakula na kucheka, na aliyemwita mwanangu anaendelea na kazi zake. Mtu hahitaji kutazama katuni ili swali hilo liingie kichwani mwake. Mdogo wako alikuwa nalo tangu siku ya kile kikao. Inawezekana kwamba filamu ilimpa mahali pa kulisema bila kutaja jina la mtu wa kwenu.

Ndiyo maana nina wasiwasi na wazo la kuificha kompyuta. Pengine itampa baba utulivu wa siku chache. Kwa kijana, nahofia itakuwa mara nyingine tena watu wa nyumbani wamemnyamazisha. Hata hivyo wewe ndiye unayemwona kila siku. Kama anairudia filamu hiyo usiku kucha, halali, hali, hazungumzi, hilo ni jambo jingine na nitalirudia hapo chini.

Sasa tumtazame Batman kidogo, maana ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Jason anapomlaumu, Batman anamjibu kwamba hakuna siku iliyopita bila yeye kufikiria kumtesa na kumuua Joker kwa alichokifanya. Anasema anajizuia kwa kuogopa kwamba akishavuka mstari huo hatarudi tena. Unaweza kulikubali jibu hilo au kulikataa, na najua nyinyi washabiki mnabishana juu yake miaka nenda miaka rudi. Mimi nilichokiona ni kwamba Jason analisikia jibu hilo wakati bomu limeshategwa. Miaka yote Batman alihifadhi nguo za yule mtoto kwenye kabati la kioo, akazitazama kila siku, akaumia kimya kimya. Maumivu yalikuwepo na hasira ilikuwepo. Mwenye kuyahitaji hakuyaona, na yalipomfikia yalikuwa yamechelewa.

Baba yako, je? Umeniandikia neno alilolisema kikaoni, kwamba wote ni wanawe. Kwa mila zetu hajakosea, mtoto wa kaka yake ni mwanawe. Na ana deni la ndugu aliyemuuguza mkewe, deni ambalo mwanaume mpole hulibeba mpaka kaburini. Huenda unaamini, na huenda mdogo wako anaamini zaidi, kwamba baba alinyamaza kwa sababu hakuumia. Una hakika gani? Alipomwona kijana wake na mkono shingoni, usiku ule alilala? Alipojua kwamba pesa zilichukuliwa na mwingine, alimwambia nini mwanawe? Labda hakumwambia kitu. Lakini kutokusema na kutokuumia havifanani, na tangu siku ile ya pilau sidhani kama kuna mtu nyumbani kwenu aliyemuuliza.

Hapa kuna mlango, ingawa una hatari zake. Unaweza kumkuta baba peke yake, saa ambayo huwa mtulivu, usianze na harusi wala kaka yenu. Anza na mkono. Mweleze kwamba vidole bado vinatetemeka, kwamba kile kitabu kilikufa. Huenda hajui. Wazee wengi wakiona plasta imetolewa huhesabu mtu amepona. Hatari yake ni kwamba baba anaweza kusikia lawama hata usipolaumu, akajifunga zaidi, au akaenda kumkemea kijana kwa kukutuma. Kwa hiyo kabla ya kwenda, mdogo wako ajue kwamba unakwenda na utasema nini. Akikukataza, itabidi upime: hili ni jambo la mkono wake tu, au ni jambo lako pia kama mtoto wa baba huyo? Unaweza kumzungumzia baba maumivu yako mwenyewe bila kufunua ya mwenzako.

Kuhusu harusi sitakuambia kijana aende au asiende, ila nitakueleza ninachokiogopa kila upande. Akienda bila kupenda, akakaa pembeni ya mtu aliyemvunja mkono, wapiga picha wakapiga, wazee wakamsifu kwa moyo mkubwa, huenda akarudi nyumbani ameamini kuwa hana pa kulalamikia tena maishani. Asipokwenda, pengo lake litaonekana, ukoo utasema ana kinyongo, na baba atabebeshwa aibu mbele ya kaka yake mkubwa. Kuna njia za kati. Anaweza kuhudhuria kama mgeni, akala, akasalimia wazee, akaondoka mapema, bila kuwemo kwenye msafara. Anaweza kupata safari ya kikazi wiki hiyo. Au kabla ya siku yenyewe, bwana harusi anaweza kuja nyumbani kwenu bila wazee na bila hadhara, akamwomba radhi kwa kumwita mwizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, kikaoni aliomba radhi kwa kupiga. Je, jina la wizi liliwahi kufutwa kwa sauti? Nauliza kwa sababu naona mdogo wako aliuvumilia mjadala mzima, mtaimbo na bomu pia, akaondoka baada ya kusikia “mwizi wa matairi”.

Hilo linanipeleka kwa rafiki yenu. Usimfanye adui. Alichokisimulia ni cha kweli. Wasomaji walipewa namba mbili za simu mwishoni mwa toleo namba 427 la kitabu cha Batman, simu moja senti 50 za Marekani, saa 36 za Septemba 1988. Simu 5,343 zilitaka kijana afe, 5,271 zilitaka apone. Tofauti ni simu 72. Tena mtoto yule alichukiwa baada ya kuandikwa upya mwaka uliotangulia kuwa mtoto wa mtaani, mwizi, mwenye mdomo. Kwa mshabiki ni hadithi tamu ya kusimulia. Kwa mtu aliyewahi kukaa mlangoni wakati wengine wakiamua thamani ya mkono wake, inasikika kwa namna nyingine kabisa. Wala hazikuwa kura nyingi, ukiniuliza mimi. Chumba hicho chenu kingekuwa na watu 73 wa kumtetea mngeyageuza matokeo. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumwambia mdogo wako kwamba nusu ya waliopiga simu, ukiondoa hao wachache, walitaka yule mtoto aishi.

Kuhusu siri yake nitasema bila kuzunguka: naona ni vyema uitunze. Habari ya mkono ni yake. Ukiifungua kwa nia njema, kundi litamhurumia, na sijui kama huruma ndiyo anayoitafuta. Siku atakaporudi atakuta kila jicho linamtazama kiwiko. Lakini kuna mengi unayoweza kumwambia Mzee wa Kurasa bila kuigusa. Mwambie kwamba utani ule uliumiza mtu, kwamba sababu si yako kuisema, na kwamba unamwomba kura hiyo isiwepo safari ijayo. Mtu anayependa vitabu vyake kiasi hicho hatashindwa kupata filamu nyingine. Akitaka kujua zaidi, mwambie amwandikie mdogo wako mwenyewe, ujumbe mfupi wa kuomba radhi, bila maswali. Anaweza asijibiwe. Avumilie.

Na kumlazimisha arudi? Umesema hana marafiki wengine, na naielewa hofu yako. Lakini angalia kama haraka hii yote ni yake. Wewe ndiye uliyesema hujacheka popote kama pale. Inawezekana unaogopa kupoteza mahali pale kwa kuchagua upande. Hulazimiki kuchagua wiki hii. Unaweza kuendelea kwenda, na unaweza kukaa naye nyumbani siku nyingine mkatazama kitu anachokichagua yeye, wawili tu, kama mlivyokuwa mkifanya zamani. Ukipenda, muulize kuhusu filamu ile ile. Si lazima umuulize habari za nondo. Muulize angekuwa yeye ndiye mwandishi, Judd Winick, aliyeandika kisa hicho kitabuni mwaka 2005 na akakiandika tena kwa ajili ya filamu, angekimaliza vipi. Kisha nyamaza usikilize, hata kama jibu litakutisha.

Maana kuna jambo moja la kutisha ambalo lazima nilitaje. Hilo jina la Red Hood na vazi alilolichukua Jason lilikuwa la Joker zamani, kabla hajawa Joker. Mtu aliyeumizwa anaweza kuanza kuvaa vya aliyemuumiza. Simwoni mdogo wako hapo kwa barua hii peke yake, na naomba sana tusimgeuze kijana wa watu kuwa mhusika wa katuni. Lakini ukimsikia akitaja siku, mahali au kifaa, ukimwona anamfuatilia kaka yenu nyendo zake, au ukimsikia akisema heri asingekuwepo duniani, hapo siri inakoma. Mtafute mtu mzima anayemheshimu, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au mpeleke hospitali ya mkoa akaonane na wahudumu wa afya ya akili. Usilibebe peke yako na usisubiri harusi ipite.

Mambo mawili ya vitendo, kabla sijamaliza. Kwanza, mkono. Wewe uko kwenye dawa, unajua jinsi ya kuzungumza na waganga. Ni lini mara ya mwisho daktari wa mifupa aliuangalia? Sina uwezo wa kukuahidi kwamba utanyooka baada ya miaka mitatu, lakini mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu huwasaidia baadhi ya watu, na kumwona mtaalamu tu kungemwambia kijana kwamba kuna mtu anayejali kalamu yake.

Pili, sheria. Kumvunja mtu mkono kwa nondo ni kosa la jinai, na kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kulifuta mbele ya sheria. Sisemi muende polisi. Kuna gharama kubwa katika njia hiyo, huenda ukoo ukapasuka, ushahidi wa miaka mitatu ni mgumu, na mwenye kuamua ni yeye aliyeumizwa, si wewe wala mimi. Ila ana haki ya kujua kwamba njia ipo. Wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na mtu asiye na uwezo husaidiwa bure. Anaweza kwenda kuuliza tu, akarudi nyumbani, akakaa na jibu lake bila kulifanyia kitu. Pengine kujua kwamba alikuwa na haki ya kuchagua, na kwamba safari hii hakuna atakayemchagulia, kutamtosha. Pengine hakutamtosha.

Nimalizie na wewe. Katika barua yote umenieleza baba anavyoona, kijana anavyoona, rafiki anavyoona. Kuhusu wewe siku ile ya kikao umeandika sentensi moja, kwamba ulikuwa jikoni. Mtoto uliyemlea amevunjwa mkono, nawe ukapewa sufuria. Hasira yako iko wapi, mwanangu? Kama ipo, mdogo wako ameshawahi kuiona? Simaanishi upige kelele harusini. Namaanisha kwamba kijana anayetafuta mtu mmoja wa nyumbani aliyekasirika kwa ajili yake huenda anaishi naye chumba cha pili bila kujua. Unaweza kumwambia leo jioni, kwa maneno yako, kabla hujaenda kwa baba na kabla hujamwandikia Mzee wa Kurasa. Ukiona vigumu kusema, andika.

Kisha nijulishe baba amesema nini kuhusu mkono. Barua yako ya pili nitaijibu bila kungoja zamu.

Shangazi